Kidole cha Madrid, mtu wa Oregon: FBI walivyomkosea Brandon Mayfield

Asubuhi ya 11 Machi 2004 mabomu 10 yalilipuka ndani ya treni nne za abiria zilizokuwa zikiingia Madrid. Watu 191 walipoteza maisha na wengine zaidi ya 1,700 wakajeruhiwa. Siku hiyohiyo polisi wa Hispania walilipata gari dogo la mizigo, Renault Kangoo, karibu na kituo cha Alcalá de Henares, mji ambao treni hizo zilipitia. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa plastiki wa buluu wenye viwashio vya kulipulia bomu, na juu ya mfuko huo wapelelezi walikuta alama za vidole. Moja kati ya alama hizo ilipewa namba 17. Ni hiyo iliyompeleka rumande mtu aliyekuwa akiishi upande wa pili wa dunia, ambaye mfuko ule hakuwahi hata kuuona.

Picha za alama hizo zilitumwa Marekani kwa njia ya Interpol, na maabara ya FBI ikaziingiza kwenye mfumo wake wa kompyuta, ambao wakati huo ulikuwa na alama za vidole za watu zaidi ya milioni 40. Hapa inafaa kueleza kazi yenyewe inavyokwenda, maana wengi wetu tunadhani ukiweka kidole upande mmoja, jina linatoka upande wa pili.

Ngozi ya ncha ya kidole ina mistari iliyoinuka. Mistari hiyo hujipanga kama upinde, kitanzi au mzingo, lakini umbo hilo la jumla hugawanwa na mamilioni ya watu na halimtambulishi yeyote. Kinachotofautisha ni mambo madogo ndani yake: mahali mstari unapokatika ghafla, na mahali mstari mmoja unapogawanyika kuwa miwili. Wataalamu huziita pointi. Chini zaidi ya hapo kuna vitundu vya jasho na kingo za mistari, ambavyo huonekana tu pale alama ilipokuwa safi sana. Alama inayochukuliwa kituoni, kwa wino au kwa skana, huonyesha kidole kizima kimekandamizwa vizuri. Alama ya eneo la tukio ni kitu kingine kabisa: ni kipande, kimeburuzwa, kimekaa juu ya plastiki iliyokunjamana, pengine na kidole cha pili kimepita juu yake.

Mtaalamu wa FBI aliiangalia alama namba 17, akaweka alama kwenye pointi saba alizoziona wazi, akaiambia kompyuta itafute. Kompyuta haikujibu kwa jina moja. Ilitoa orodha ya watu 20 ambao alama zao zilikaribiana zaidi na hizo pointi saba, wakiwa wamepangwa kwa kiwango cha ufanano. Aliyekuwa wa nne kwenye orodha hiyo ni Brandon Mayfield, wakili mwenye umri wa miaka 37 wa eneo la Portland, jimbo la Oregon. Alama zake zilikuwemo kwa sababu aliwahi kuwa mwanajeshi.

Mpaka hapo hakuna kosa lolote lililofanyika. Kompyuta ilitakiwa ilete wanaofanana, ikawaleta. Nalisema hili mapema kwa sababu kesi hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba mashine ilimsingizia mtu, na msimulizi akishasema hivyo, binadamu waliohusika wanapona bila kuulizwa. Kosa lilizaliwa baadaye, mezani, mbele ya jozi ya macho yenye uzoefu wa miaka mingi.

Mtaalamu alipoifungua alama ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto cha Mayfield, aliona kweli inafanana na ile ya Madrid. Ufanano ule haukuwa wa kubuni. Uchunguzi rasmi uliofanywa baadaye na Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani ulikiri kwamba vidole hivyo viwili vilikaribiana kwa kiwango kisicho cha kawaida. Ila ukaribu huo haukuwa bahati mbaya iliyodondoka kutoka mbinguni. Ukitafuta ndani ya watu mia moja, anayefanana zaidi na mhalifu atakuwa anafanana naye kidogo tu. Ukitafuta ndani ya watu milioni 40, kompyuta itakuletea mtu ambaye ni karibu pacha, kwa sababu ndiyo kazi uliyoipa. Kadiri hifadhi inavyokuwa kubwa ndivyo inavyozidi uwezo wa kumleta mkosaji halisi, na ndivyo inavyozidi uwezo wa kumleta mtu asiyehusika anayefanana naye kupita kiasi. Na kama mkosaji halisi hayumo ndani ya hifadhi, kama ilivyokuwa hapa, bado orodha itatoka ikiwa na majina 20.

Baada ya pointi zile za mwanzo, mtaalamu alianza kutafuta zaidi. Na hapa ndipo Mkaguzi Mkuu alipoweka kidole chake: badala ya kuisoma kwanza alama ya Madrid peke yake, kuandika kila kilichomo, ndipo aende kwa Mayfield, alianza kwenda na kurudi. Aliiona pointi kwenye kidole safi cha Mayfield, akarudi kwenye alama hafifu ya Madrid kuitafuta, na kwa kuwa alishajua iwe wapi na iwe na sura gani, akaiona. Kivuli kikawa mstari, doa likawa mgawanyiko wa mistari. Akafika hata kwenye vile vitundu na kingo, ambavyo kwa ubora wa picha ile havikuweza kutegemewa, akavihesabu navyo. Mwishowe FBI wakasema wana pointi zaidi ya 15 zinazolingana.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lilipaswa kuwasimamisha. Sehemu ya juu kushoto ya alama ya Madrid haikulingana kabisa na kidole cha Mayfield. Kanuni ya fani yao ni kali katika hili: tofauti moja tu isiyoelezeka inatosha kumtoa mtu, hata kama yapo mafanano mengi. Lakini neno lenye uzito pale ni "isiyoelezeka", na maelezo yakapatikana. Wakasema sehemu ile lazima iliachwa na mguso mwingine, kidole kingine au mtu mwingine aliyeshika mahali palepale. Hawakuwa na ushahidi wa mguso huo wa pili. Waliuhitaji ili hitimisho lao lisimame, wakauweka.

Mtaalamu wa pili akahakiki, akakubali. Wa tatu, mkuu wa kitengo, akaangalia, akakubali. Ukisoma kwenye karatasi utaona wataalamu watatu, kila mmoja na uzoefu mrefu. Lakini wa pili alikabidhiwa kazi akijua kuwa mwenzake ameshasema ndiye, na wa tatu akijua kuwa wawili wameshakubaliana. Huo haukuwa uhakiki. Ni jibu moja lililopigwa mihuri mitatu.

Wakati huo wote hawakujua Mayfield ni nani. Hili lazima lisemwe kwa haki: walipoitambua ile alama hawakuwa na habari ya dini yake. Habari hiyo ilikuja baada ya jina kutoka. Wapelelezi walikuta kwamba Mayfield alisilimu, kwamba mke wake ana asili ya Misri, kwamba huswali msikitini, na kwamba aliwahi kumwakilisha katika shauri la malezi ya mtoto mtu ambaye baadaye alihukumiwa kwa makosa ya ugaidi. Kwa wakili, kumtetea mteja ni kazi. Kwa mpelelezi aliyekwisha kuambiwa kuwa kidole ni chake, kila kimoja cha hivyo kikawa tofali la ukuta.

Tarehe 13 Aprili polisi wa Hispania waliandika kuwajibu FBI. Walikuwa wamelinganisha wenyewe, na matokeo yao yalikuwa hasi.

Nimekaa sana na tarehe hiyo. Kuanzia siku ile, maabara yenye alama halisi mkononi, katika nchi ambamo mabomu yalilipuka, ilikuwa imeshasema kwamba kidole hicho si cha mtu huyo. Mkaguzi Mkuu aliona kwamba FBI hawakurudi nyuma kuiangalia upya kazi yao kwa moyo mweupe, wala hawakuwauliza kwanza Wahispania wameona nini kilichowafanya wakatae. Walichofanya ni kuandaa picha kubwa zenye mistari na namba, wakampandisha mtaalamu wao ndege mpaka Madrid, na tarehe 21 Aprili akawaonyesha wenyeji kwa nini wamekosea. Mkaguzi Mkuu alisema pia kwamba dini ya Mayfield, ingawa haikuchangia utambuzi wa mwanzo, inaelekea ilichangia wataalamu kushindwa kulifikiria upya jambo hilo hata baada ya kupewa sababu halali ya kufanya hivyo.

Huko Oregon familia ilikuwa imeanza kuhisi kuna watu wanaingia nyumbani kwao. Mlango ulikutwa umefungwa kwa komeo ambalo wenyewe hawakuwa na kawaida ya kulifunga. Kwenye zulia kulikuwa na alama ya kiatu kikubwa kisicho cha mtu wa nyumba ile. Mayfield na mkewe walidhani ni wezi. Walikuwa ni FBI, waliopekua kwa siri kwa kibali cha sheria ya ujasusi wa kigeni, ambayo masharti yake yalilegezwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Baadaye, katika upekuzi wa wazi, walichukua karatasi ambazo katika orodha yao waliziandika kuwa ni nyaraka za Kihispania. Zilikuwa kazi za nyumbani za shule za watoto wake.

Habari zilipoanza kuvuja kwa waandishi wa Ulaya, FBI waliamua wasingoje. Tarehe 6 Mei 2004 walimkamata ofisini kwake. Hawakumfungulia mashtaka. Walimshikilia kama shahidi muhimu, utaratibu unaoruhusu mtu azuiliwe ili asitoroke kabla ya kutoa ushahidi. Hati ya kiapo iliyopelekwa kwa jaji ilisema utambuzi wa alama ni wa asilimia 100. Ilikuwepo shida ya wazi: hapakuwa na kumbukumbu yoyote ya Mayfield kusafiri kwenda Hispania, na pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Hati hiyo ikaeleza kwamba pengine alisafiri kwa jina la bandia. Tazameni mzunguko huo. Kukosekana kwa ushahidi kwamba alisafiri kuligeuzwa kuwa dalili kwamba alisafiri kwa hila. Mtu aliyekwisha kutajwa na maabara hana njia ya kutoka, kwa kuwa kila kinachomsafisha hupewa maelezo mapya.

Upande wa utetezi uliomba mtaalamu huru, na mahakama ikakubali. Mtaalamu huyo naye, mtu mwenye jina katika fani, alitoa maoni yake tarehe 19 Mei: alama ni ya Mayfield. Sasa walikuwa wanne. Mawakili wengi wanaoisoma kesi hii hulipita jambo hili haraka, nami naliona ndilo linalouma kuliko yote, maana ndiyo dawa tunayofundishwa siku zote: kama hujaridhika na mtaalamu wa serikali, tafuta wako. Wake alipatikana, na akaona walichokiona wenzake. Naye alijua FBI wameshasema nini kabla hajafungua picha.

Siku hiyohiyo ya 19 Mei, Hispania ilitangaza kwamba imempata mwenye kidole: Ouhnane Daoud, raia wa Algeria. Kesho yake Mayfield aliachiwa, baada ya wiki mbili kizuizini. Wataalamu wa FBI walirudi Madrid, wakaiona alama upya, na tarehe 24 Mei shauri likafutwa. Ile sehemu ya juu kushoto, iliyosemwa kuwa ni ya mguso mwingine, haikuhitaji tena maelezo yoyote. Alama ilikuwa moja, ya kidole kimoja, cha mtu mwingine.

FBI waliomba radhi hadharani, jambo ambalo si la kila siku. Lakini maelezo yao ya kwanza yaliitupia lawama picha: walisema ilikuwa na ubora hafifu. Jopo la wataalamu wa kimataifa waliloliita wenyewe halikuwaunga mkono. Lilisema kosa lilikuwa la binadamu, na kwamba si picha wala mfumo wa kompyuta uliowaponza. Novemba 2006 serikali ya Marekani ilikubali kumlipa Mayfield na familia yake dola milioni 2 na kumwomba radhi kwa maandishi. Alibaki na haki ya kuipinga sheria iliyoruhusu upekuzi wa siri. Septemba 2007 jaji mmoja wa Oregon alikubaliana naye kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba, ila mwaka 2009 mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi huo bila kuingia kwenye kiini, ikisema Mayfield hana tena haki ya kulileta dai hilo.

Mwaka 2006 mtafiti Itiel Dror na wenzake walifanya jaribio dogo ambalo kila anayeshughulika na ushahidi wa kitaalamu angefaa kulijua. Waliwapata wataalamu watano wa alama za vidole. Bila wenyewe kujua, kila mmoja alipewa jozi ya alama ambazo yeye mwenyewe, miaka kadhaa nyuma, alishazitolea maoni kazini kuwa zinalingana. Tofauti ilikuwa moja: safari hii waliambiwa kwamba hizi ni zile alama maarufu za Mayfield, zile FBI walizokosea. Mmoja tu ndiye aliyeshikilia jibu lake la zamani. Watatu walisema hazilingani, na mmoja akasema hawezi kuamua. Picha hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni walichoambiwa kabla ya kuziangalia.

Isieleweke kwamba alama za vidole ni upuuzi. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2011, uliowapima wataalamu 169, ulikuta kwamba kusema "ni yeye" pale ambapo si yeye kulitokea kwa kiasi cha asilimia 0.1 tu. Kusema "si yeye" ilhali ndiye kulitokea kwa asilimia 7.5. Ni ushahidi wenye nguvu. Lakini asilimia 0.1 si sifuri, na kiapo kile cha Oregon kilimwambia jaji kwamba nafasi ya kosa ni sifuri.

FBI walibadilisha utaratibu. Mtaalamu sasa hutakiwa kuichambua alama ya eneo la tukio na kuandika alichokiona kabla hajaiona ya mshukiwa, na akiongeza kitu baadaye kionekane kuwa kimeongezwa baadaye. Kwa baadhi ya kesi, mhakiki hapewi jibu la mwenzake. Mabadiliko haya hayakuhitaji mashine mpya hata moja. Yalihitaji karatasi, tarehe na nidhamu.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili lina historia ndefu kuliko tunavyokumbuka. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo ilirekebishwa mwaka 1899 ili kuruhusu maoni ya wataalamu kuhusu alama za vidole, ndiyo iliyotumika Tanganyika na Kenya enzi za ukoloni, na kifungu hicho kikaingia katika sheria zetu za ushahidi za baada ya uhuru karibu kwa maneno yaleyale. Nchini Kenya kidole kilifika kwa Mwafrika kupitia kipande, hati ya utambulisho wa kazi ya enzi za ukoloni, kilichoning'inizwa shingoni mwa mwanamume. Leo tunavitoa kwa hiari au kwa shuruti ya huduma: tulivitoa kwenye uandikishaji wa wapiga kura, Kenya mwaka 2012 na Tanzania 2015, tunavitoa kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, na Tanzania tangu 2019 huwezi kusajili laini ya simu bila kuweka kidole. Hifadhi za vidole zinakua. Siku zitakapotumika kutafuta mshukiwa, zitaleta orodha ya wanaofanana, na zikiwa kubwa zitaleta watu wanaofanana sana.

Sheria zetu zinasema neno sahihi: alichonacho mtaalamu ni maoni. Mahakama inayapima pamoja na ushahidi mwingine, wala hailazimiki kuyafuata. Ila mahakamani mtaalamu akishasimama na cheti chake na picha zenye mistari myekundu, mara nyingi maswali yanayomfikia ni ya mwaka aliohitimu na idadi ya kesi alizowahi kutolea ushahidi. Wale wa FBI wangeyajibu maswali hayo vizuri kabisa. Yanayofaa kuulizwa ni yale ambayo wasingeyajibu. Ulizihesabu pointi ngapi kwenye alama ya eneo la tukio kabla hujaletewa kidole cha mshtakiwa, na yako wapi maandishi ya siku hiyo? Zipi uliziongeza baada ya kukiona? Kuna sehemu ambayo haikulingana, na maelezo yake umeyatoa wapi? Aliyehakiki kazi yako alijua ulichosema? Kama jina lilitoka kwenye kompyuta, lilikuwa la ngapi, na wale wengine kwenye orodha nani aliwaangalia? Wakili anayetaka kuyauliza hayo aombe maandishi ya maabara mapema, kabla shahidi hajapanda kizimbani, kwa sababu ripoti ya ukurasa mmoja inayosema "zinalingana" haina ndani yake jibu la hata swali moja kati ya hayo.